Wafugaji wasifiche upofu wa mbwa wa nasaba

Mnunuzi wa mbwa wa nasaba hupewa karatasi iliyoorodhesha baba, mama, mababu na vikombe walivyotwaa katika maonyesho. Aghalabu karatasi hiyo haimwambii jambo moja muhimu: iwapo mtoto huyo wa mbwa atakuwa angali akiona atakapofikisha umri wa miaka mitano. Kimya hicho hakina udhuru tena.

Glakoma ni maradhi ya jicho yanayotokea maji yaliyo ndani yake yanaposhindwa kutoka ipasavyo. Shinikizo hupanda, neva inayopeleka picha kwenye ubongo huharibika, na mnyama hupofuka. Dawa za matone hupunguza shinikizo kwa muda, lakini haziurudishi uoni uliokwisha kupotea. Si nadra daktari kulazimika kuling'oa jicho ili kumwondolea mnyama maumivu.

Katika baadhi ya mbwa maradhi haya hurithiwa. Mwaka 2011 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba kasoro katika jeni iitwayo ADAMTS10 inahusika na glakoma miongoni mwa mbwa wa aina ya Beagle. Mwaka 2015 wenzao wa Animal Health Trust, huko Newmarket, Uingereza, walitambua kasoro katika jeni ya ADAMTS17 miongoni mwa Basset Hound na Petit Basset Griffon Vendéen. Shirika hilo lilifungwa mwaka 2020, lakini vipimo vilivyotokana na utafiti huo vingali vikitumika. Kinachohitajika ni ute wa shavuni tu.

Ugumu wa glakoma hii ni kwamba hujificha. Mbwa huugua iwapo amerithi kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja huishi akiona vyema, huku akiisambaza. Tena hata mgonjwa mwenyewe huweza kuonekana mzima kwa miaka kadhaa, na kabla ya dalili kujitokeza huwa pengine amekwisha kuzaa. Macho ya mfugaji, hata awe mzoefu vipi, hayawezi kumbaini.

Wapo watakaosema basi kila mbebaji ahasiwe. Hilo ni kosa. Aina nyingi za mbwa wa nasaba zina idadi ndogo. Kuwaondoa wabebaji wote kwa pamoja ni kuibana damu na kukaribisha maradhi mengine. Hesabu ya urithi ni rahisi. Mbebaji akipandishwa na asiye na kasoro, hakuna mtoto atakayeugua kwa kasoro hiyo. Wabebaji wawili wakipandishwa, kila mtoto ana uwezekano wa robo wa kuugua. Kwa hivyo kosa si kuwa na mbwa mbebaji. Kosa ni kutopima, au kupima na kuyaficha matokeo kwa kuhofia soko.

Kweli, kipimo si hirizi. Kila kimoja hutafuta kasoro maalumu, na Basset Hound asiyekuwa nayo huenda akapatwa na glakoma ya namna nyingine. Ndiyo maana uchunguzi wa daktari wa macho ungali wahitajika.

Vyama vya wafugaji visisajili watoto wa aina hizi bila matokeo ya wazazi kuandikwa kwenye karatasi ile ile ya vikombe. Naye mnunuzi, awe London au Nairobi, aulize kabla ya kutoa pesa. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Hapa, hata hivyo, anayeficha ni mfugaji, na anayeumia ni mnyama asiyejua amekosa nini.