Hesabu Haiogopi Jina

Wanafunzi wenzangu, mimi sikubaliani na wale wasemao, "Mwalimu kasema, basi yamekwisha." Tazameni nambari 4294967297. Fermat, bingwa wa hesabu wa Ufaransa katika karne ya 17, aliamini kuwa ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kwamba 641 mara 6700417 ni nambari iyo hiyo. Kumbe tasa ana watoto! Jina kubwa halikuizuia hesabu. Je, sisi tunaonakili majibu ya nyuma ya kitabu bila kujaribu, siku ya mtihani tutanakili wapi? Chukueni kalamu mzidishe wenyewe, hata mimi msiniamini bure. Kuuliza si ujinga.