Bondia Asiyeambiwa Hapana

Alfajiri, kabla baridi ya Meru haijaondoka, huonekana vijana wakikimbia kando ya barabara itokayo Ngaramtoni kuingia Jijini Arusha, taulo shingoni, wakirusha ngumi hewani. Mji wetu umekaa juu, kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na apandaye kidogo kuelekea mlimani hujipatia pumzi ambayo mtu wa pwani huitafuta kwa taabu. Kwa hiyo upande wa mwili hatuna wasiwasi na vijana hawa. Wasiwasi wetu ni juu ya kiburi na hasira, na twalisema jambo hili mapema, kabla hata mmoja wao hajapata jina, kwa sababu akishalipata hatatusikia. Tena senti za viingilio zinazomlipa bondia hutoka mifukoni mwa wafanyakazi, nao wana haki ya kusema.

Twaanza na Ndugu Francis Cheka wa Morogoro, aliyekuwa fahari yetu sote. Mwezi Agosti 2013, mjini Dar es Salaam, alimshinda Mmarekani Phil Williams na kutwaa mkanda wa dunia wa WBF. Hata miaka miwili haijatimia, Februari 2015, mahakama mjini Morogoro ilimhukumu kifungo cha miaka 3 kwa kosa la kumpiga meneja wa baa yake mwenyewe. Baadaye aliruhusiwa kuitumikia adhabu hiyo nje ya gereza kwa kazi za jamii. Watu wengi waliposikia habari ile walimhurumia bingwa. Sisi twauliza kwanza habari za yule aliyepigwa. Alikuwa mfanyakazi, na aliyempiga alikuwa mwajiri wake. Mkono uliofunzwa miaka mingi, ambao ulingoni huvishwa glavu na kuwekewa mwamuzi, uliinuliwa juu ya mtu asiyekuwa na glavu wala mwamuzi.

Kisa cha pili si cha mahakamani, na ni kigumu zaidi kukipima. Ndugu Hassan Mwakinyo wa Tanga aliitwa Uingereza Septemba 2018 kama mtu wa kujaza nafasi tu, akamshangaza kila mtu kwa kumshinda Sam Eggington mjini Birmingham katika raundi ya 2. Miaka minne baadaye, Septemba 2022, pambano lake na Liam Smith mjini Liverpool lilikatika katika raundi ya 4, naye akaeleza kwamba kifundo cha mguu kilimuuma na kwamba mzigo wake wenye viatu ulipotea safarini. Hapa nyumbani wengine walimcheka, wengine wakamtukana. Mtu aliyeketi kwenye kiti hawezi kuyapima maumivu ya aliye ulingoni, na waliomtukana walikosa adabu. Walakini Septemba 2023 alijitoa katika pambano lililokwisha kutangazwa, akilalamikia mambo ya mkataba, na mwezi uliofuata Kamisheni ya ngumi za kulipwa ikamfungia mwaka mmoja. Kuamua nani alikuwa na haki ni kazi ya wanaosimamia mikataba. Sisi twatazama hesabu ya siku. Seremala akifungiwa karakana mwaka mmoja, mwaka wa pili atashika randa yake kama kawaida. Bondia hana miaka mingi ya kushika randa, na ule uliopotea haurudi.

Sasa twauliza: katika siku zile za ghadhabu, ni nani aliyekuwa karibu na bondia mwenye uwezo wa kumwambia hapana? Watu hujibu upesi kwamba yupo mwalimu wake. Lakini tutazame mwalimu huyo hula wapi. Katika ngumi za kulipwa mwalimu hupata fungu lake kutoka katika malipo ya bondia. Yaani ni mtumishi wa mwanafunzi wake. Akimkemea leo, kesho atakuta kijana amepata mwalimu mwingine mwenye maneno matamu. Promota naye huangalia tiketi. Na wapambe, wale wanaobeba begi, kupiga picha na kumwambia kila asubuhi kwamba duniani hayupo wa kumgusa, hao ndio hatari kubwa kuliko konde la adui, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Hatusemi kwamba kiburi ni kitu kibaya tu. Robert Wangila wa Kenya alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988. Julai 1994, mjini Las Vegas, mwamuzi alisimamisha pambano lake katika raundi ya 9, naye Wangila akapinga kusimamishwa. Baada ya hapo alizimia, na siku mbili baadaye akafariki dunia. Hatumlaumu marehemu hata kidogo. Moyo uliomkataza kukubali kushindwa ndio uliomletea dhahabu, na bondia asiye na moyo huo afadhali atafute kazi nyingine. Ndiyo maana twaona ni kosa kumwachia yeye peke yake kazi ya kujizuia. Tumemfundisha asikubali, kisha twamshangaa kwamba hakubali!

Waarusha wa miteremko ya Meru, kama ndugu zao Wamaasai, walilijua jambo hili zamani. Kijana alipotahiriwa na kuingia katika rika la mashujaa, hakuna aliyemtaka awe mpole, kwa kuwa ukali wake ndio uliolinda ng'ombe na mipaka. Lakini rika halikuachwa lijitawale. Lilipewa wazee walezi, ndio waliolipekechea moto wa kulianzisha, na laana ya wazee hao iliogopwa kuliko mkuki. Tena twaomba msomaji aangalie busara ya mpango huo: walezi hawakutoka katika rika lililo juu yao moja kwa moja, ambalo aghalabu hushindana na vijana kwa uchungu wa kuondolewa kwenye nafasi yake, bali lile la pili juu yao, watu ambao hawakuwa na ugomvi na vijana wala hawakungoja kula kutoka mikononi mwao. Hatutaki laana zirudi kwenye kumbi za mazoezi, lakini mlezi asiyemtegemea anayemlea twamtaka sana.

Wako watakaosema kwamba Muhammad Ali alijisifu kuliko wote na bado akawa mkubwa. Ni kweli alijisifu, na majigambo yake yaliuza tiketi. Lakini mjini Kinshasa, Oktoba 1974, aliegemea kamba raundi baada ya raundi akipigwa na George Foreman, bila kupandwa na hasira, hadi raundi ya 8 alipomwangusha. Na Februari 1980 alipotumwa Dar es Salaam na Serikali ya Marekani kutushawishi tusiende kwenye Olimpiki ya Moscow, Mwalimu Nyerere alikataa kumwona. Mtu wa maringo matupu angerudi uwanja wa ndege kwa matusi. Ali aliyasikiliza maswali ya waandishi wa habari wa Kiafrika, akakiri kwamba mengine hakuyajua kabla ya kuja.

Basi twawageukia viongozi wa matawi na vyama vya wafanyakazi katika Kaloleni, Ngarenaro, Unga Limited na Sombetini. Mwaka 2024 ulianza hapa Arusha ujenzi wa uwanja mkubwa wa mpira kwa ajili ya mashindano ya Afrika ya 2027, nasi tuliufurahia. Ulingo wa ngumi na mifuko michache ya mchanga haufikii hata bei ya mlango wa uwanja huo. Klabu ianzishwe, na mwalimu alipwe na klabu kwa michango ya wanachama, asilipwe na kijana. Awe na uwezo wa kumfungia mazoezi yeyote atakayeinua mkono nje ya ulingo, awe bingwa au awe mgeni wa jana. Na mkataba, kabla kijana hajatia sahihi, usomwe kwa Kiswahili mbele ya mwalimu na wazee wawili wa klabu, nakala moja ibaki katika kabati la tawi. Kijana akisema ana haraka, gari la promota linangoja nje, basi lingoje.