Sifa kwa Walioishika Chaki Hadi Kustaafu

Mwezi Oktoba una siku mbili zinazostahili kutazamwa pamoja. Tarehe 5 ni Siku ya Walimu Duniani. Tarehe 14 Watanzania tunamkumbuka Julius Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, ambaye hata leo ukisema Mwalimu bila kutaja jina, kila mtu anajua umemkusudia nani. Siku yake ni sikukuu, na ofisi hufungwa. Ile ya walimu wote hupita wengi wetu tukiwa hatuna habari nayo.

Nyerere alifundisha Tabora, kisha Pugu, hadi mwaka 1955 alipolazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa za TANU. Ali Hassan Mwinyi alifundisha Zanzibar. John Magufuli alisomesha kemia na hisabati Sengerema. Nchini Kenya, Daniel arap Moi naye alikuwa mwalimu kabla ya siasa kumchukua. Tukitaka kuonyesha ukubwa wa ualimu, haya ndiyo majina yanayotutoka haraka, na yote ni ya watu walioiacha kazi hiyo. Tunausifu ualimu kwa kuwasifu waliotoka humo, kama vile darasa ni ngazi tu ya kupandia kwenda kwingine.

Nyerere alipoingia Shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, miongoni mwa waliomfundisha alikuwa James Irenge. Ni Watanzania wangapi wanalijua jina hilo? Aliyefundishwa ana uwanja wa ndege, barabara na sura kwenye noti. Aliyemfundisha hupata sentensi moja katika masimulizi ya maisha ya mwanafunzi wake.

Sehemu ya tatizo ni vipimo vyetu. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, tunahesabu daraja la kwanza na sifuri, na kwa hesabu hiyo tunampima mwalimu. Lakini mtihani haumwoni mtoto mwenye kigugumizi aliyeachiwa nafasi ya kumaliza sentensi yake, darasa zima likanyamaza kwa sababu mwalimu hakuruhusu kicheko. Hauoni kwamba fundi seremala hupima mara mbili kabla ya kukata kwa kuwa kuna mtu aliyemrudishia daftari la hesabu hadi akakoma kubahatisha. Matunda hayo huiva baada ya miaka ishirini, mahali ambapo mwalimu hayupo. Na uchungu nao huiva vivyo hivyo: yupo mtu mzima asiyethubutu kushika kalamu mbele za watu, kwa neno moja aliloambiwa ubaoni akiwa darasa la tatu. Kazi yenye nguvu ya kujenga na kubomoa kiasi hicho haifai kuachiwa watu waliochoka na kukata tamaa.

Waliochagua tarehe 5 walilielewa hilo. Siku hiyo, mwaka 1966, ulipitishwa jijini Paris waraka wa UNESCO na Shirika la Kazi Duniani kuhusu hadhi ya walimu. Waraka huo unazungumzia mafunzo, mishahara, usalama wa ajira, mazingira ya kazi na haki ya walimu kushauriwa. Kwa hiyo kiongozi anayewaita walimu nguzo ya taifa jukwaani, huku malimbikizo ya stahiki zao yakilala mezani, ametoa nusu ya shukrani, tena ile nusu isiyo na gharama.

Serikali ilipe lake. Hata hivyo kuna deni ambalo haiwezi kutulipia sisi wanafunzi wa zamani: kusema nani alitufundisha nini. Ndiyo maana waandishi wa toleo hili tuliwapa sharti moja. Kila mmoja aandike kuhusu mwalimu aliyestaafia darasani, na aeleze jambo moja alilolipata kwake ambalo analitumia hadi leo. Tuliwakataza kuandika kwamba mwalimu ni taa. Tulitaka watuambie taa hiyo iliangaza nini.

Nawe msomaji, usiishie kusoma. Itafute namba ya simu ya mwalimu wako kwa wale mliosoma pamoja, umpigie, umtajie jambo lenyewe. Kwenye misiba ya walimu huwa tunawasifu kwa ufasaha mkubwa. Tuwasifu mapema, wakiwa bado na uwezo wa kutusahihisha.