AFE PUNDA, MZIGO UFIKE? HAPANA: MNYAMA MGONJWA ANA HAKI YAKE

Kila sifa njema ni zake Allah (S.W.), Muumba wa mwanadamu na mnyama. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wazazi na wanafunzi, sisi wa Nyahanga hatuishi mbali na wanyama. Kahama imekuwa manispaa, na wageni wanaijua kwa dhahabu, lakini mitaani kwetu punda bado anavuta mkokoteni, kuku wanaparura uani, mbuzi wamefungwa nyuma ya nyumba, mbwa analinda na paka anafukuza panya. Wote wanatutumikia. Siku wakiugua, wengi wetu husema: "Mimi natafuta ada ya mtoto, hela ya kumtibu mnyama nitoe wapi?" Basi punda mwenye kidonda mgongoni anafungwa tena kwenye mkokoteni, na tunajifariji kwa methali: afe punda, mzigo ufike.

Maoni yangu ni kwamba methali hiyo haimfai Muislamu. Umasikini ni wa kweli, lakini si udhuru wa kumtelekeza mnyama mgonjwa.

Tuangalie dini yetu inasemaje. Katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim tunasoma habari za mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, na mwanamke aliyeingia Motoni kwa kumfungia paka bila chakula mpaka akafa. Muslim amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimpita punda aliyepigwa chapa usoni, akamlaani aliyefanya hivyo. Naye Imam Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi'i aliyefariki mwaka 1262, alipoorodhesha haki za mnyama juu ya mwanadamu alisema ni wajibu kumtunza hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na faida tena. Mafaqihi wakaongeza kuwa asiyeweza kumtunza mnyama wake amuuze, au amchinje kama ni wa kuliwa. Kumwacha ateseke hakumo.

Atauliza mtu: "Ustadhi, watu wenyewe hawana dawa, wewe unatuletea habari za paka na punda?" Swali hili ni la haki. Jibu langu ni kwamba matibabu yanakuwa ghali kwa sababu tunangoja mpaka mnyama aanguke. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Chukueni mfano wa kuku. Kideri, ambao wengine huuita mdondo, ukiingia unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Ni ugonjwa wa virusi na hauna tiba, kwa hiyo kuwamiminia kuku vidonge vya rangi mbili vya binadamu ni kupoteza pesa. Lakini ipo chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa hapa nchini: tone moja katika jicho moja, kila baada ya miezi 3, kwa kuku wazima kabla hawajaugua. Chupa moja inatosha kuku wengi, basi nyumba kadhaa za mtaa zichange, zinunue moja na kuchanja siku moja. Chanjo isikae juani.

Au ng'ombe na mbuzi. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko Bariadi, kwa jirani zetu wa Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo. Serikali ilibeba sehemu ya gharama. Mfugaji alitakiwa kulipa shilingi 500 kwa ng'ombe na 300 kwa mbuzi au kondoo, na kuku wakachanjwa bure. Tangazo la namna hii likija, tusingoje kusimuliwa na jirani.

Kwa mbwa jambo ni zito zaidi, maana hapa pana roho za watoto wetu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, ni nadra mno kupona. Mbwa achanjwe kila mwaka. Mtoto akiumwa, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, si kwa mganga. Sindano za mtu aliyeumwa ni ghali mara nyingi kuliko sindano moja ya mbwa.

Yapo na mengine yasiyogharimu kitu. Mnyama mgonjwa atengwe na wazima, Mtume (S.A.W.) alikataza mwenye ngamia wagonjwa kuwaingiza kwa wazima. Punda mwenye kidonda apumzishwe, kidonda kioshwe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, na hatamu itandikwe kitambaa laini. Paka asipewe panadoli, inamuua. Na kabla ya kununua dawa dukani, muone bwana mifugo wa kata. Kumuuliza mapema ni nafuu kuliko kununua dawa tatu kwa kubahatisha.

Mwisho, tuogope udanganyifu. Wapo wanaokimbiza mnyama mgonjwa mnadani bila kutaja aibu yake, au kuuza nyama ya mnyama aliyekwishakufa. Nyama hiyo ni mzoga, ni haramu. Na mnyama aliyekufa ghafla huku damu ikimtoka puani huenda ana kimeta: asipasuliwe, asichunwe, bwana mifugo aitwe. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika chakula cha muuzaji akakuta unyevu umefichwa chini, alimkana mwenye kughushi. Muuza mbuzi mgonjwa ana tofauti gani naye?

Enyi wanafunzi, ninyi ndio mnaowalisha kuku na kuwachunga mbuzi, hivyo ninyi ndio wa kwanza kumuona aliyeacha kula. Semeni nyumbani siku hiyo hiyo. Mnyama hana ulimi wa kumwambia baba kwamba anaumwa, na Siku ya Kiyama tutaulizwa juu ya kila tulichokabidhiwa.

Wabillahi tawfiq.