Lori la taka lije siku hiyohiyo

Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu walitoka. Makoleo, mafyekeo, mabuti kwa aliyekuwa nayo. Mtaro uliojaa chupa za maji, pempasi na tope ulizibuliwa hadi zege la chini likaonekana. Kisha uchafu wote ukarundikwa ukingoni mwa mtaro uleule, watu wakanawa, wakaenda zao. Jumatano ikanyesha mvua, na tope likarudi lilikotoka.

Habari hii ni ya mitaa mingi ya Dar es Salaam. Tangu Rais John Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru za Desemba 9, 2015 na kuifanya siku hiyo kuwa ya usafi, tumezoea kuhimizana kushika fagio. Vizuri. Lakini aliyeshika fagio akimaliza anahitaji lori, na lori haliji. Hivyo ni kudeki nyumba nzima kisha ukaiacha ndoo ya maji machafu katikati ya sebule, watoto wanacheza.

Ukiuliza, utapata majibu mawili ya siku zote. Ofisini wanasema wananchi hawana ustaarabu. Mtaani wanasema serikali haileti gari. Kila upande una ukweli wake, na kila upande unautumia ukweli huo kukaa kitako.

Sisi tunadhani wa kuanza anajulikana: ni yule anayekusanya ada ya taka. Kaya inalipa kila mwezi. Mzabuni akipitisha kirikuu leo, kisha akapotea wiki mbili, mama mwenye viroba vitatu vinavyonuka mlangoni na wapangaji wanaolalamika atafanya nini? Atamwita kijana wa guta, atampa buku, wala hatauliza taka zinakwenda wapi. Zinakwenda korongoni. Huyo mama amelipa mara mbili, bado anaitwa mchafu.

Tabia za watu hubadilika haraka kuliko tunavyokiri. Mifuko ya plastiki ilihubiriwa miaka na miaka bila mafanikio. Juni 1, 2019 ikapigwa marufuku, na sheria ikaweka uzito panapostahili: anayekutwa nayo faini inaanzia shilingi 30,000, anayeitengeneza inaanzia milioni 20. Muda si muda watu wakawa wanakwenda sokoni na vikapu. Hakuna aliyezaliwa upya usiku ule. (Ndiyo, vile vifungashio laini vinavyoonyesha ndani vimerudi kubebea nyanya. Vimerudi kwa sababu usimamizi ulilegea.)

Au panda basi pale Mbezi hadi Moshi. Abiria yuleyule aliyetupa ganda la ndizi chini akisubiri safari, akishuka Moshi analishika mkononi akitafuta pipa. Moshi kuna mapipa, kuna sheria ndogo, na kuna mtu wa kukukamata.

Tunajua shida ya Dar es Salaam. Dampo liko Pugu Kinyamwezi. Gari likitoka Tegeta, kwa foleni hizi, safari moja inakula siku. Basi wekeni maghuba ya kukusanyia taka kila upande wa jiji, kirikuu zimwage hapo, malori makubwa yabebe usiku barabara zikiwa wazi. Hili si jambo la kuundiwa kamati. Na mzabuni anayeshindwa kufika anyang'anywe mtaa, apewe mwingine, hata kama ni jamaa ya fulani.

Baada ya hapo hatutakuwa na huruma na mtu. Gari likipita kwa ratiba, halafu ukavizia mvua inyeshe ufungulie takataka zako mtaroni, ulipe faini, na jirani zako wakutaje. Anayezibiwa mtaro ni mtu wa bondeni, na godoro linaloloa ni lake.

Zipo ofisi za mtaa zinazobandika ubaoni majina ya wadaiwa wa ada ya taka. Tunaomba karatasi ya pili pembeni yake: siku ya gari, saa ya gari, jina la mzabuni na namba yake ya simu. Na kwa Jumamosi ya usafi ijayo, namba ya lori litakalozoa tope kabla ya jua kuzama.