Mama Anatafuta Wenzake wa Kupanda Farasi, Nyie Mnasikia "Anatafuta Mario"! Tuheshimiane Basi

Wadau, leo sina stori ya nani kaachana na nani wala nani kahamishwa kwenye nyumba ya kupanga. Leo nina povu, na litamwagika lote hapa hapa. Wenye roho nyepesi shukeni kituo hiki.

Ile skrini shoti mmeiona wote, msijifanye wageni. Mama mmoja, mwalimu mstaafu wa miaka 63, mtu wa Heru Juu kule Kasulu, aliandika kwenye grupu la WhatsApp la watu waliosoma naye kwamba anataka kwenda Arusha siku nne kupanda farasi. Akasema anatafuta wenzake watatu wa rika lake, wake kwa waume, wachange nauli na malazi. Akaweka na makadirio ya gharama, kiualimu kabisa, mstari kwa mstari. Hakuna alichoongeza.

Sasa ikawaje? Kuna mtu humo ndani akaichomoa, ikamfikia dada mmoja wa mjini mwenye wafuasi mpaka wa kugawa. Jina nalihifadhi, ila nyie mnamjua, yule wa "asubuhi njema kutoka kwenye bwawa". Dada akaiposti na vikatuni vya kucheka mstari mzima, halafu akauliza wafuasi wake nani yuko tayari kwenda kulelewa na bibi. Kazi ikaanzia hapo. Komenti zikamiminika: bibi anatafuta Mario, bibi anataka kuvunjika kiuno, bibi arudi akalime maharage, bibi pensheni inamuwasha.

Mama kafuta ujumbe wake. Katoka kwenye grupu. Safari haipo tena. Yaani mtu kafundisha watoto wa watu kusoma zaidi ya miaka thelathini, halafu wale wale waliofundishwa kusoma wamesoma alichoandika na hawajakielewa. Inauma.

Tuanze na huyo dada yetu. Mwaka jana tu si wewe uliyejaza ukurasa wako picha za farasi? Gauni jeupe, nywele zinapepea, "niacheni nipumue". Tunaojua kuangalia picha tuliona mkono wa kijana wa banda la farasi umeshika kamba pembeni, na vivuli havijasogea kutoka picha ya kwanza mpaka ya mwisho. Farasi hakupiga hata hatua kumi. Wewe ulipanda farasi dakika chache upate laiki, ukaitwa malkia. Mama anataka kupanda siku nne afurahi, anaitwa kichaa. Tofauti yenu ni nini zaidi ya mwaka wa kuzaliwa?

Na hili la "Mario" nalikataa kabisa. Mama kaandika "wa rika langu". Kaandika "wake kwa waume". Kaandika "tuchange". Mtu anayetafuta kijana wa kulea huwa anaomba achangiwe nauli? Fikirieni kidogo jamani, akili haikatwi na bando.

Halafu geuzeni upande wa pili. Kuna mzee mmoja wa biashara zake hapa mjini, miaka sabini inamwita, kila mwisho wa mwezi yuko Zanzibar na binti anayelingana na mjukuu wake. Komenti zake mnazijua: "mzee anajua kuishi", "mzee tufundishe". Mzee kaenda na mtoto wa watu, anasifiwa. Mama kaomba kwenda na watu wazima wenzake, anatukanwa. Tukiita hilo utani tunajidanganya.

Sasa tuzungumze jambo lenyewe, maana wengi mnacheka bila kujua huyu mama kakwama wapi.

Kwanza, mbona asipande huko huko kwao? Kwa sababu kwao farasi hana historia, na sababu kubwa ni mbung'o. Kuanzia nyanda za juu za Kasulu na Kibondo ukishuka kuelekea mabonde ya Malagarasi, hiyo ni nchi ya mbung'o tangu zamani. Mbung'o hueneza malale kwa watu na nagana kwa mifugo, na farasi ni katika wanyama wanaoathirika vibaya na nagana. Miaka ya 1930 serikali ya mkoloni iliwahamisha watu wengi wa Buha wakakae kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Stanley naye, alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alianza safari na farasi wawili na punda 27. Farasi wote wawili walikufa mwanzoni kabisa mwa safari, huku huku upande wa pwani. Ardhi ya Waha, ambako alilipishwa hongo mpaka akalia, farasi wale hawakuiona.

Na mwangalie vizuri huyo Stanley mnayemwita shujaa wa kusafiri. Alikuwa na miaka thelathini, ana nguvu zake, na aliondoka na watu karibu mia mbili. Mia mbili! Mama wa miaka 63 kaomba watatu, mnamwona ana makuu.

Kwa hiyo wa Heru Juu akitaka farasi lazima asafiri. Mabanda ya kupandisha watu yako kaskazini, kuzunguka Arusha na upande wa Kilimanjaro. Ng'ambo kuna Kenya, na Uganda kuna hifadhi ya Ziwa Mburo ambako watu wanapanda farasi wakipita katikati ya pundamilia. Kutoka Kasulu mpaka Arusha ni kuikata nchi nzima kwa basi. Hapo ndipo mwenzako anapohitajika. Nani atakulindia begi ukienda kujisaidia stendi? Nani atapiga simu nyumbani presha ikipanda?

Pili, hela. Sehemu nyingi za utalii zinapanga bei kwa watu wawili chumba kimoja. Ukienda peke yako unaongezewa, unalipia kitanda ambacho hakuna mtu kalala. Baadhi ya safari za farasi zinataka idadi fulani ndipo ziondoke. Kwa mwalimu mstaafu, kupata mwenza wa kuchangia chumba kunaweza kuwa ndiyo tofauti ya kwenda na kubaki.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Mtasema banda la farasi lina muongozaji, hataachwa peke yake. Sawa, muongozaji yupo. Lakini muongozaji analipwa kukaa na wewe. Mwenzako kachagua mwenyewe. Jioni ukirudi mapaja yanauma, unataka mtu wa kukwambia "leo ulivyopanda yule farasi mweupe nilijua unadondoka", mcheke mpaka machozi. Hiyo haipo kwenye risiti.

Na mkiuliza mama mzima anakosaje marafiki, mjue hamjawahi kuzeeka. Mwalimu kahamishwa wilaya hii na ile, marafiki kawaacha kila kituo. Akistaafu anarudi kijijini alikoondoka binti. Wengine wamefariki, wengine wanalea wajukuu Dar, wengine waume zao hawataki. Aliobaki nao ni wa kikoba, kwaya na misiba. Sisi tuna wenzetu wa kulia, wa kucheka hatuna. Mama huyo huyo akifiwa leo, grupu la michango linajaa watu mia mbili kabla hajamaliza kufunga kanga. Akitaka kucheka siku nne, watu watatu hawapatikani.

Najua kuna wenye hoja zao za maana, nazijibu.

Mnasema umri haumruhusu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inahesabu mzee kuanzia miaka 60, lakini hakuna mahali imeandika kwamba mzee akae barazani asubiri sadaka. Hiroshi Hoketsu wa Japani alishindana kwa farasi kwenye Olimpiki ya London 2012 akiwa na miaka 71. Olimpiki, sio ufukweni! Marehemu Malkia Elizabeth wa Uingereza alipigwa picha juu ya farasi mdogo mwaka 2020 akiwa na miaka 94. Mtasema hao wamezaliwa na farasi. Kweli, na mama wa Heru Juu hajaomba kwenda Olimpiki. Kaomba farasi mpole anayetembea.

Mnasema ataanguka. Hii ni hoja ya kweli, siidharau. Kuanguka kwenye farasi kunavunja watu wa umri wowote, na mifupa ya wanawake wengi inapungua nguvu baada ya hedhi kukoma. Kwa hiyo anaonana na daktari kwanza. Anavaa kofia ngumu. Anawaambia ukweli kwamba hajawahi kupanda, apewe farasi mzee aliyezoea wageni, aanze uwanjani kabla ya kutoka porini. Anauliza na kikomo cha uzito, maana mabanda mengi wanacho. Yote hayo yanahitaji mtu wa kumshauri. Vikatuni vya kucheka havishauri chochote.

Mnasema atatapeliwa. Anaweza. Ndiyo maana alianzia kwa watu aliosoma nao, sio kwa wasiojulikana mtandaoni! Mama alitumia akili. Sehemu salama kuliko zote aliyokuwa nayo ndiyo nyie mmeigeuza jukwaa la vichekesho. Kesho akitaka kwenda mahali atatafuta wapi? Kwa hao hao matapeli, kwa siri, kwa sababu mmemfundisha kwamba kusema hadharani ni aibu.

Na hoja ya mwisho, ile inayonichefua: pensheni yake awape watoto. Kwani ada ililipwa na nani? Kuna watu humu mna digrii ambazo zimetoka kwenye mshahara wa mwalimu mmoja na shamba la maharage. Mkipata kazi mnakwenda Dubai, mkirudi mnamletea mama kanga na mafuta ya kupaka. Akitumia hela yake siku nne, ukoo unaitisha kikao. Acheni hizo.

Halafu mnajua Heru ni wapi nyie? Kabla ya uhuru, Heru ilikuwa na mtawala mwanamke, Mwami Theresa Ntare, na baadaye akaingia bungeni. Wazee wa kiume walikwenda kwake kusikiliza neno. Leo mwanamke wa ardhi hiyo hiyo anaulizwa na watoto wa mjini kapewa ruhusa na nani kupanda mnyama. Tunarudi nyuma huku tumeshika simu za bei mbaya.

Kwa hiyo kifanyike nini? Mwenye mzazi aliyestaafu, muulize leo angependa kwenda wapi na nani. Usimuulize kama anataka kuja kukusaidia kulea, hilo ni ombi lako wewe, sio likizo yake. Akikosa wa kwenda naye, msaidie kuwatafuta: wa kikoba, wa kwaya, wastaafu wenzake. Waanze na safari fupi. Watu wa Kasulu na Kibondo wana Gombe na Ziwa Tanganyika, hakuna mbung'o wa kuwazuia kupanda boti. Usiku mmoja tu unatosha kujua nani anakoroma, nani hatoi hela kwa wakati, nani analalamika kila kitu. Mkielewana huko, ndio mpange Arusha. Michango iandikwe kwenye daftari, kila mtu awe na nauli yake ya kurudi, na namba za watoto wao wote wapewe mtu mmoja.

Na wewe dada wa bwawa la asubuhi, una wafuasi wengi kuliko grupu lolote la wastaafu nchi hii. Ungeandika mstari mmoja tu, kwamba kuna mama anatafuta wenzake watatu, wangepatikana kabla ya chai. Bado hujachelewa. Mfuate faragha, muombe radhi kama mtoto anavyomuomba mama yake, umuulize kama bado anataka kwenda. Akikubali, tafuta hao watatu. Na tafadhali usiende na kamera.

Wengine tupieni komenti hapo chini, lakini leo nina sharti. Kabla hujaandika, taja mtu mmoja ambaye mama yako angeweza kusafiri naye kwa raha zake, sio kwa msiba. Ukikosa jina, usinitukane mimi. Mpigie mama.