Filamu ya "Hatari!" irudi Arusha ilikopigwa



Nataka kutoa maoni yangu juu ya filamu moja ya zamani ambayo naamini Watanzania wengi wamesikia jina lake lakini hawajaitazama. Filamu hiyo ni "Hatari!", iliyoongozwa na Mmarekani Howard Hawks na kutolewa mwaka 1962. Ilipigwa hapa hapa kwetu Arusha, chini ya Mlima Meru, mwishoni mwa mwaka 1960 na miezi ya mwanzo ya 1961, kabla bendera ya Uhuru haijapandishwa.

Kilichonichochea kuandika ni mabishano yaliyozuka hapa Usa River. Tuliitazama filamu hiyo watu wapatao kumi, wakubwa kwa watoto, tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Ilipokwisha, ndugu mmoja, mwalimu wa historia ambaye ninamheshimu sana, akatuambia kuwa sisi tuliocheka tuna kasumba ya kikoloni, maana tumekaa zaidi ya saa mbili na nusu tukiwashangilia Wazungu wanaofukuza wanyama wetu. Neno hilo nimelitafakari kwa siku nyingi. Sehemu ya hoja yake naikubali, na nitaieleza hapa chini. Lakini kucheka sioni kwa nini niache.

Kwa faida ya wasioiona, hadithi yenyewe ni nyepesi kabisa. Kuna kampuni iliyoko Momella inayokamata wanyama hai na kuwauza kwa bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Mkubwa wao ni Sean Mercer, anayechezwa na John Wayne, jitu refu lisiloogopa faru lakini linalomwogopa mwanamke. Chini yake wako Mjerumani aliyekuwa dereva wa magari ya mashindano, Mfaransa mmoja mwenye majivuno, na Pockets, dereva wa teksi wa New York, ambaye kwa maoni yangu ndiye mchekeshaji mkubwa wa filamu yote. Huyo Pockets, anayechezwa na Red Buttons, ndiye anayebuni roketi ya kurusha wavu juu ya mti mzima ili wanase nyani wote kwa mkupuo mmoja, na roketi inapofyatuka yeye mwenyewe amefumba macho. Asiyecheka hapo ana matatizo ya nyumbani.

Sasa nije kwa huyo mwanamke, maana bila yeye filamu ingekuwa vumbi na magari tu. Anaitwa Elsa Martinelli, Mwitalia aliyezaliwa mwaka 1935, ambaye kabla ya kuingia katika sinema alikuwa mwanamitindo. Mwaka 1956 alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la filamu la Berlin. Katika "Hatari!" yeye ni mpiga picha aliyetumwa na bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Ana jina refu la Kiitalia ambalo wanaume wa Momella wanaona kulitamka ni kazi, wakalikata na kumwita Dallas. Anafika bila taarifa, na bwana mkubwa anaporudi nyumbani usiku anamkuta amelala kitandani mwake fofofo.

Siku ya kwanza ya mawindo anaomba apande garini ili apige picha. Anarushwa huku na huku kama gunia la mahindi katika barabara ya Ngare Nanyuki wakati wa masika, kofia kule, kamera huku. Mcheza sinema mwingine mzuri wa sura angehakikisha nywele zake zimekaa sawa. Huyu hakujali. Anatoka humo ana vumbi mpaka kwenye kope, tena amependeza kuliko alipopanda. Nadhani siri ya uzuri wake katika filamu hii ni hiyo, kwamba hajionyeshi. Hataki tumtazame yeye, anataka tutazame anachokitazama yeye.

Na anachokitazama hasa ni tembo. Mama tembo anapigwa risasi, mtoto anabaki yatima, wanaume wanasema hawezi kupona na afadhali auawe. Dallas anakataa katakata. Basi inakuja ile kazi ya kumtafutia maziwa, na Pockets anasombelewa mbuzi chungu nzima wa kukamuliwa. Wafugaji wenzangu mtaniunga mkono nikisema kwamba kwa jinsi wanavyokamua, mbuzi wale walikuwa wavumilivu mno. Yatima wanaongezeka mpaka wanakuwa watatu, na kila Dallas aendako wanamfuata kwa foleni, anawaogesha, wanammwagia maji, anaanguka dimbwini, anacheka kicheko ambacho hakuna mwongozaji anayeweza kumfundisha mtu. Muziki wa hapo uliotungwa na Henry Mancini umezunguka dunia nzima. Hata ambaye hajaiona filamu hii, akipigiwa muziki huo atasema ameusikia mahali.

Mwishoni Dallas anaudhika na kuondoka, na wale tembo wadogo wanaachiwa ili wamtafute. Wanakimbia katika mitaa ya Arusha, wanaingia madukani na hotelini, watu wanatawanyika. Ndugu wasomaji, huo ndio mji wetu wa wakati ule, mji mdogo wenye magari ya kuhesabu, miti mingi na mlima nyuma yake. Mtoto wangu aliomba picha isimamishwe mara tatu ili atambue ni mtaa gani. Filamu hii iliteuliwa kugombea tuzo ya Oscar kwa upigaji picha wake, kazi ya Russell Harlan, nami nasema walistahili, japo nusu ya sifa hiyo ni ya Mlima Meru.

Hayo ndiyo tuliyoyachekea. Sasa nije kwa hoja ya mwalimu.

Anasema ardhi ya Momella katika filamu inaonyeshwa kana kwamba haikuwa na wenyewe. Ni kweli. Shamba lililotumika lilikuwa la walowezi wa Kijerumani, ukoo wa Trappe, tangu zama za Mjerumani. Na miaka isiyofika kumi kabla ya kamera za Hawks kuwasili, yaani mwaka 1951, Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki na Leguruki ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa kulalamika kwa niaba yao. Ngare Nanyuki na Momella ni pua na mdomo. Hakuna hata neno moja la habari hiyo katika filamu. Sikutegemea liwepo katika kichekesho, lakini mwalimu ana haki ya kutukumbusha.

Anasema pia kwamba Waafrika katika filamu ni watu wa kubeba, kuendesha na kupika. Nayo ni kweli. Maneno ya Kiswahili yanasikika hapa na pale, hata John Wayne anajitahidi, lakini Mwafrika hapewi nafasi ya kufanya mzaha hata mmoja. Katika nchi ya watu wanaotaniana mpaka msibani, hilo ni kosa la ufundi kabla halijawa kosa la siasa. Na ile sherehe ya Waarusha kumpa Dallas jina la Mama Tembo ina mambo ambayo mzee wa Kiarusha akiyatazama atatikisa kichwa. Jina lenyewe lakini ni zuri na limemkaa.

Halafu kuna wanyama. Hapa ndipo hata mimi mpenda vichekesho kicheko kinanikwama. Inajulikana kwamba waigizaji wenyewe walipanda magari na kukimbiza wanyama wa porini, hivyo faru anayegonga lori katika filamu ni faru kweli, na hasira zake ni za kweli. Wakati ule bonde la Ngurdoto lilikuwa na faru. Hifadhi iliyoanzishwa huko mwaka 1960 ndiyo leo Hifadhi ya Taifa ya Arusha, lakini faru majangili walishawamaliza. Twiga bado wapo tele, tunawaona. Lakini twiga aliyefungwa kamba juu ya gari si jambo la kuchekesha tena mkoani kwetu tangu mwaka 2010, wanyama hai wakiwamo twiga waliposafirishwa kwa ndege kupitia uwanja wetu wa Kilimanjaro kwenda Qatar. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha biashara ya kupeleka wanyamapori hai nje ya nchi. Kwa hiyo kazi anayoifanya Sean Mercer kwa majivuno leo ingempeleka mahakamani. Watoto wanaotazama waelezwe hivyo.

Pamoja na hayo yote, ndugu yangu mwalimu anakosea anapodhani kwamba tiba ni kuiweka filamu kabatini. Kama tungetupa kila kitu ambacho wakoloni walikishika mkononi, hata Boma tungelibomoa. Hatukulibomoa. Tulilifanya makumbusho, na watoto wetu wanaingia humo kujifunza. Filamu hii ni Boma jingine, tofauti ni kwamba hili linachekesha.

Kinachoniuma mimi ni kitu kingine. Filamu inapoanza tunasomewa majina ya Wamarekani, Waitalia, Wajerumani na Wafaransa. Mwandishi wa mchezo, Leigh Brackett, ni mwanamke, na jina lake lipo. Lakini wale vijana wetu tunaowaona wakikimbia na kamba mbele ya faru, wale walioshika milango ya vizimba, wale waliowalisha tembo wadogo alfajiri kabla Bi Martinelli hajaamka, wao hawatajwi. Wanaonekana waziwazi, sura zao zinatambulika kabisa, lakini hawana majina. Jirani yangu mmoja, mzee sana sasa, husimulia kwamba aliajiriwa kukata majani ya tembo hao, na kwamba yule mama wa Kiitalia ndiye peke yake aliyekuwa akiwauliza vijana majina yao na kujaribu kuyatamka. Labda ndivyo ilivyokuwa, labda mzee ananogesha. Tutajuaje, kama hakuna aliyewahi kumwuliza na kuandika?

Hawks alikufa mwaka 1977 na John Wayne mwaka 1979. Elsa Martinelli alifariki Roma mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 82. Hardy Krüger, yule Mjerumani wa filamu, alilipenda eneo letu hata akanunua shamba hapo Momella na kuishi kwa miaka kadhaa, na hoteli ya kitalii iliyopo huko imechukua jina la Hatari. Naye alifariki mwaka 2022. Hao wote habari zao zimeandikwa na zitaendelea kusomwa. Kijana wetu aliyekuwa na miaka 20 wakati wa filamu ile, leo kama yu hai amevuka miaka 80. Kila masika yanapopita tunazika wawili watatu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahusika ni hili. Makumbusho ya Taifa kwa kushirikiana na Bodi ya Filamu watafute nakala nzuri ya "Hatari!" kwa njia halali, waionyeshe bure kwenye uwanja wa Boma la Arusha usiku mmoja, kisha waipeleke Usa River, Momella, Ngare Nanyuki na Leguruki. Wazee waalikwe wakae mbele. Pawepo na mtu mwenye kalamu na kinasa sauti, na mtu wa kusimamisha picha kila mzee atakaponyosha kidole na kusema, huyu namfahamu, huyu ni fulani wa fulani. TBC nao wakija na kamera zao itakuwa vizuri zaidi. Gharama yake haizidi ya semina moja ya siku mbili hotelini.

Mwalimu wangu wa historia naye aje, atupe maelezo ya mwaka 1951 kabla taa hazijazimwa. Nitamsikiliza kwa adabu. Ila Pockets akifika kwenye roketi yake, mwalimu asinitazame.

Mpenda Sinema,
Usa River,
Arusha.